Mtaa wa Mpakani Nilikomtafuta Shangazi

Wenzangu wa kwaya,

Tangu nirudi kutoka Tunduma mmeniuliza mara nyingi yaliyonipata, nami nimewajibu "safari ilikuwa nzuri" kisha nikaangalia chini. Mnanijua. Mbele ya watu maneno hunikwama. Kwa hiyo nimechukua daftari, nimeandika polepole, jioni moja ukurasa mmoja. Pokezaneni mkisoma, ila msisome kwa sauti nikiwapo.

Jambo lenyewe nusu yake mnalijua. Baba alipofariki mwezi wa nne, nyumba yake ilifungwa kwa kufuli na ufunguo akakaa nao baba mdogo. Ndivyo ukoo wetu unavyofanya. Siku ya kumaliza msiba, dada mkubwa wa marehemu hufungua mlango, huingia wa kwanza na kuwasha moto ndani, ndipo mjane huruhusiwa kurudi kulala humo. Baba alikuwa na dada mmoja tu, shangazi Tusekile, aliyeolewa Tunduma kabla mimi sijazaliwa. Tulimtumia habari ya msiba mara mbili kwa wachuuzi wa maharage. Hakuja.

Miezi yote hiyo mama alikuwa akilala jikoni, kwenye kile kibanda cha nyasi, na kikohozi kilikuwa kimemshika. Mwezi wa kumi ukawa unaisha na mawingu yanajaa mlimani. Baba mdogo akaitisha kikao, akasema tunamaliza msiba Jumapili.

"Dada akifika, sawa," alisema. "Asipofika, nyumba itabaki mikononi mwangu, na shemeji atarudi kwao."

Bibi, mama yao baba na shangazi, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alisema, "Atakuja. Mwanangu hajawahi kunisahau."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kila mwaka baba alipopeleka maharage Tunduma alirudi na salamu za shangazi, na pamoja na salamu sukari na kitenge cha Bibi. Mwaka jana baada ya mavuno alimletea kitenge cha kijani. Bibi alikuwa amekivaa siku ile ya kikao.

Mtu wa kwenda kumchukua shangazi nikawa mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Mbebe hadi Isongole

Niliondoka kwetu Mbebe Alhamisi alfajiri kwa miguu. Mama alinifungia ndizi za kuchemsha na viazi kwenye jani la mgomba. Kichwani nilibeba kitu kingine, maelekezo ya baba. Hakuna mtoto wa nyumba yetu asiyeyajua, maana kila alipotoka Tunduma baba alituelezea mtaa wa shangazi kama mtu anayetembea ndani yake: unaanza, unaikuta mashine ya kusaga, halafu ghala la ushirika, halafu bomba la maji, halafu mkono wa kulia nyumba yenye mlango wa bluu. Niliyarudia njia nzima. Mashine, ghala, bomba, mlango wa bluu mkono wa kulia. Nilijiona naujua mtaa ule kuliko watu wanaokaa humo.

Isongole nilifika saa nne. Malori mawili yalipakia mbele ya macho yangu yakaondoka. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, nikimtazama dereva, nikingoja aniulize. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi vya kukaanga akaniuliza, "Kijana, unasafiri au unalinda barabara?"

"Nasafiri, mama. Naenda Tunduma."

"Sasa lile gari si lilikuwa linakwenda Mpemba? Gari haliombwi kwa macho."

Watu walicheka. Lori la tatu lilipokuja alilisimamisha yeye, akapaza sauti, "Kuna bubu wangu hapa, mpandisheni." Hivyo ndivyo nilivyopata usafiri.

Isongole hadi Mpemba

Lori lilikuwa limejaa magunia ya maharage, nasi abiria tulikaa juu yake. Utingo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, wakimwita Kocha. Alitukanyagia miguu yote bila kuomba radhi na kila mtu alimpenda.

Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena. Saa tisa springi ya nyuma ikakatika katikati ya mlima. Dereva alishuka, akaitazama, akalala chini ya lori. Nilidhani anatengeneza. Nilipoinama nikaona amelala kweli, usingizi. Kocha alikuwa ameshaondoka kwa miguu kwenda kutafuta springi nyingine.

Tulikaa hapo mpaka Ijumaa asubuhi. Ndizi za mama ziliisha upesi, kwa sababu jirani yangu aliniuliza, "Unakula peke yako, mwanangu?" na mimi sikujua kusema ndiyo. Kocha alirudi kukipambazuka na springi begani. Akaanza kufunga, mimi nikimshikia spana.

"Unakwenda kwa nani Tunduma?"

"Kwa shangazi."

"Anajua unakuja?"

"Hapana."

"Nyumba yake unaijua?"

"Baba alitueleza."

Kocha akakaza nati. "Basi usiseme unakwenda kwa shangazi. Sema unakwenda kumtafuta."

Nilichukia maneno yale. Nilihesabu siku kimoyomoyo. Ijumaa kumpata, Jumamosi kurudi, Jumapili mlango. Siku ya akiba haikuwapo tena.

Mpemba hadi Tunduma

Pale Mpemba, barabara yetu ya vumbi inapokutana na lami, lori likageuka kwenda upande mwingine. Kutoka hapo nilitembea.

Sijui niwaeleze vipi nilichokiona. Malori yalikuwa yamesimama pembeni ya lami, moja nyuma ya jingine, na niliyapita kwa saa nzima bila kuuona mwanzo wake. Kwanza nilifikiri kumetokea ajali mbele. Lakini madereva hawakuwa na wasiwasi wowote. Mmoja alikuwa anachemsha dagaa chini ya tela. Mwingine ananyoa ndevu kwenye kioo cha gari. Shati, suruali na taulo zilianikwa kwenye kamba kutoka lori hili hadi lile, kama uani kwa mtu. Walikuwapo hata kuku, wamefungwa miguu kwenye tairi.

Nilijikaza nikamuuliza mzee aliyekuwa anasonga ugali. "Baba, kuna nini mbele?"

"Mpaka."

"Umefungwa?"

"Uko wazi. Leo siku ya sita nangoja." Alisema hivyo bila hasira, akanipa tonge, nikalila nimesimama.

Nilipofika mjini kichwa kilikuwa kinazunguka. Muziki kila duka, kila duka muziki wake. Vijana wamekaa kwenye stuli na mabunda ya noti mapajani, wanaita watu wabadilishe fedha, na hakuna anayewanyang'anya. Nilimfuata mama mmoja mwenye beseni kichwani kwa sababu alionekana anajua anakokwenda. Ndipo nikaona kibao kilichoandikwa kwa mkono ukutani: Mtaa wa Mpakani.

Mtaani, mkono wa kulia

Ni mtaa mrefu wa vumbi, mfereji katikati, maduka pande zote mbili. Nilianza kutembea nikitafuta mashine ya kusaga. Nilifika mwisho wa mtaa bila kuiona. Ghala sikuliona. Bomba sikuliona. Milango ya bluu niliiona minne, yote upande wa kulia. Nilisimama mbele ya kila mmoja mpaka mtu akatoka kuniangalia, nami nikaondoka bila kusema neno. Kwenye mlango wa nne mwenye nyumba alinifukuza akidhani ni kibaka.

Nilirudi mwanzo, nikaenda tena. Mara tatu. Jua likawa kichwani. Njaa ilinishinda, nikavuka mfereji nikaingia kwa mama lishe mmoja. Alinipa ugali na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, chakula kitamu ambacho kwetu hatupiki hivyo. Nilimpa fedha, akanirudishia noti ambazo sikuzijua, zina picha ya ndege.

"Mama, hii si fedha yetu."

Alikuwa na Kiswahili kizito kidogo. "Ndiyo fedha yetu. Wewe umekula wapi?"

"Tunduma."

Wateja waliacha kula. Mmoja alisema neno kwa Kibemba, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Yule mama akanishika bega akanigeuza nitazame nje, kwenye mfereji.

"Tunduma ni kule, baba. Hapa umekula Zambia."

Niliweka kijiko chini. Shuleni mpaka tuliuchora kwa kalamu nyekundu, na mwalimu alisema unalindwa na askari. Mimi nilikuwa nimeuvuka kwa kuruka maji machafu, sina karatasi yoyote. Niliomba radhi. Wakacheka zaidi. Nikaruka tena kurudi, nikakaa kwenye kibaraza cha kwanza nilichokiona.

Fundi Jeradi

Kibaraza kilikuwa cha fundi cherehani, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, futi shingoni. Aliacha kukanyaga cherehani akanitazama.

"Tangu asubuhi unapita hapa. Nimekuhesabu, mara sita. Umeibiwa au unataka kuiba?"

"Natafuta mashine ya kusaga."

"Huna mahindi."

Nilimweleza. Ilichukua muda, lakini alingoja. Nilipomaliza kutaja mashine, ghala na bomba, alicheka taratibu.

"Nani alikupa mtaa huo?"

"Baba."

"Baba yako alikupa mtaa wa zamani. Simama, nina gauni la kupeleka mbele. Twende nikuonyeshe."

Basi alinitembeza. Alitembea katikati kabisa, kwenye ukingo wa mfereji, akinyoosha kidole kama mwalimu.

Mashine ya kusaga ilikuwa ile nyumba yenye mapicha ya watu wanaopigana mateke. Sasa ni kibanda cha video. Nilikuwa nimepita mbele yake mara sita. "Saruji hii unayokanyaga," alisema fundi, "ndipo watu walipopanga foleni na vikapu wakati wa uhaba. Wewe hukuwapo. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mtu anaoga kwa majani ya mpapai. Vitu vilikuwa pale." Akaelekeza kidole ng'ambo ya mfereji. "Hatua ishirini. Na askari wamesimama hapa katikati. Wanawake wa mtaa huu walivusha sabuni mgongoni, ndani ya mbeleko, juu yake mtoto. Askari gani atamfungua mtoto aliyelala?"

Ghala la ushirika lilikuwa na rangi ya waridi na taa za rangi. "Ushirika ulipokufa likabaki na popo. Biashara zilipofunguliwa likapata mwenyewe. Mbele baa, nyuma vyumba. Mahali palipokuwa na mizani ya kahawa sasa kuna meza ya kuchezea pool." Kisha akasema kwamba mtaa nao uligeuka. Zamani sisi tulivuka kwenda kununua kwao, na sasa wao wanavuka kuja kununua kwetu, batiki, ndoo, magodoro. Mfereji ni uleule.

Bomba lilibaki kisiki cha chuma. Nchi mbili zilipanga foleni moja pale, alisema, na ndoa nyingi za mtaa zilianzia kwenye ndoo. Sasa maji yanaletwa kwa mikokoteni. Hatua chache mbele kulikuwa na nguzo fupi ya saruji, imefungwa mbuzi.

"Huo ndio mpaka wenyewe," alisema fundi. "Uguse."

Niliigusa nguzo. Mbuzi akanitazama.

Halafu akaniuliza baba alikuwa akishukia wapi na mizigo yake. Nikasema kwenye stesheni ya treni upande ule wa Zambia, nilivyosikia, kwa kuwa wanunuzi wa maharage walikuwa huko. Fundi akanigeuza kwa mabega yote mawili.

"Basi baba yako aliuanza mtaa huku, wewe umeuanza kule. Mkono wake wa kulia ni mkono wako wa kushoto. Umemtafuta shangazi yako siku nzima katika nchi isiyo yake. Anaitwa nani?"

"Tusekile."

"Hapa hakuna Tusekile. Ana mtoto?"

"Baba alisema binti, Eliza."

Fundi alikunja gauni alilobeba, akalikunja tena, ingawa lilikuwa limeshakunjwa.

"Mama Eliza," alisema. "Wewe ni wa kwao Mama Eliza?"

"Ndiyo."

"Mdogo wangu, Mama Eliza tulimzika. Huu mwaka wa tatu."

Nilimwambia amekosea mtu. Nilisema kwa sauti, mimi, katikati ya mtaa. "Mwaka jana alimtumia Bibi kitenge."

"Kwa mkono wa nani?"

"Wa baba."

Fundi alivua kofia. "Baba yako alikuwa mbele kwenye jeneza, bega la kulia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alikuwa na kovu hapa, sivyo?" Akagusa nyuma ya shingo yake.

Baba alikuwa na kovu pale. Aliangukiwa na mti akiwa kijana. Nakumbuka mbuzi alilia, na mtu alipita na baiskeli akapiga kengele ili tumpishe, nasi hatukusogea.

Mlango wa bluu

Nyumba ilikuwa upande wa Zambia, mlango bluu kweli, rangi mpya juu ya ile ya zamani. Eliza alikuwa kibarazani anamsuka mteja. Ni mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, na ana paji la uso la Bibi. Hilo nililiona kabla fundi hajafungua mdomo.

Fundi alipomwambia mimi ni nani, mikono yake haikuacha kusuka.

"Ukoo wa Mbebe," alisema. "Wamepotea njia?"

Nilimwambia baba amefariki. Hapo vidole vilisimama. Alikuwa hajapata habari. Wachuuzi wetu walikuwa wamemuulizia Tusekile, jina ambalo mtaani hakuna aliyelijua, wakarudi bila kutuambia kwamba hawakumpata. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye mafuta ya nywele, kisha akaendelea kusuka kwa nguvu mpaka mteja akasema, "Dada, hicho ni kichwa."

Nilieleza kilichonileta. Nyumba, kufuli, Jumapili. Nilipofika mahali pa kumtaja Bibi anavyomngoja shangazi, Eliza alinikatiza.

"Bibi anamngoja nani?"

"Shangazi. Hajui."

"Mjomba hakumwambia?"

"Hakutuambia sisi sote."

Alikaa chini. Ndipo nilipopata upande wake wa habari. Mama yake alipofariki, watu wa mtaa walivutana kuhusu makaburi ya nchi gani. Baba aliomba azikwe Tanzania, awe nchi moja na mama yake. Wakambeba wakavuka mfereji. Baada ya mazishi baba aliwaambia watu wote wasitume habari Mbebe, ataipeleka mwenyewe kwa mdomo, kwa sababu Bibi ni mzee na moyo wake si mzima. Kila mwaka alikuja na maharage, akalala hapa, akasema, "Mwaka huu nitamwambia." Na kila mwaka aliondoka na kitenge alichokinunua hapo dukani.

"Mimi nilijua mmeshaambiwa," alisema Eliza. "Miaka mitatu nilijua mmeambiwa na hamkuja hata kulia. Nikasema, basi, sina kwetu."

Sisi tulidhani shangazi ametudharau kwenye msiba wa kaka yake. Yeye alidhani tumemdharau mama yake kaburini. Katikati alisimama baba, mtu niliyemwamini kuliko wote, akibeba salamu za marehemu.

Kwetu binti hurithi kiti cha mama yake. Hilo nilimwambia. Eliza angeweza kufungua mlango. Alikataa.

"Nifungue mlango wa nani? Lugha yenyewe nimesahau nusu. Nifike pale nionekane mzimu?"

Mteja alisema kitu kwa Kibemba. Eliza akamjibu kwa ukali. Fundi alikuwa ameegemea nguzo ya kibaraza, anatazama mtaani. Mimi nilikaa tu. Kuomba sikuweza, kuondoka sikuweza. Alimaliza kichwa kile, akaosha mikono, akakunja kigoda.

"Mama yako analala wapi sasa?"

"Jikoni."

"Jikoni ya bati?"

"Ya nyasi."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne. Anakohoa."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemweka humo. "Miezi sita mwanamke analala kwenye majivu, na wanaume wa nyumba hiyo wanangoja mtu wa Tunduma." Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na begi. "Mama yangu angeondoka saa hiyohiyo. Twende tukatafute gari."

Kurudi Mbebe

Njia ya kurudi sina mengi. Ijumaa gari hatukulipata, tukalala kwa Eliza; Jumamosi tulipita kwanza makaburini, kisha tukapata lori Mpemba, halikuharibika. Eliza alivaa viatu vya mjini, na kutoka Isongole alivibeba mkononi. Njiani aliniuliza nani atasema. Nilisema baba mdogo ataelewa akituona. Akasimama.

"Ataelewa nini? Mimi sisemi. Mjomba alinyamaza, nawe ukinyamaza nitageuka hapahapa."

Tulifika Jumapili watu wameshajaa uani. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, shuka mabegani. Bibi kwenye mkeka, amevaa kile kitenge cha kijani. Baba mdogo alimtazama Eliza kutoka miguuni hadi kichwani.

"Tulikutuma dada. Huyu nani?"

Watu kama arobaini, wote wakinitazama. Nilimtazama mama, akakohoa, nikaanza. Nilisema shangazi Tusekile amefariki, mwaka wa tatu huu. Nilisema baba alimzika kwa mikono yake. Nilisema huyu ni binti yake. Sentensi tatu, na kila moja niliisikia ikianguka.

Wanawake walianza kulia. Bibi hakulia. Aliniita nikae karibu.

"Uliliona kaburi?"

"Eliza alinipeleka asubuhi ya jana. Liko upande wetu. Lina msalaba wa chuma, na limefagiliwa."

"Nani analifagia?"

"Huyu."

Bibi alivuta mkono wa Eliza, akapapasa kiganja chake, mbele na nyuma, kama mtu anayechagua mbegu. Hakuuliza lolote juu ya baba.

Baba mdogo alisimama. Alisema taratibu, na kwa desturi alikuwa sahihi, kwamba kiti hakirithiwi kabla mwenye kiti hajaliliwa. Msiba wa dada sasa ndio unaanza. Kwa hiyo mlango utangoja, labda mpaka mvua ziishe. Wazee wawili wakatikisa kichwa kukubali. Nilimwona mama anarudi ndani ya jiko.

"Keti," Bibi alimwambia baba mdogo.

"Mama, ni desturi."

"Nimesema keti. Mwanangu ataliliwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Hapa uani? Kwenye vumbi, kama mpita njia? Au jikoni?" Bibi alikuwa anajiinua, Eliza akamsaidia. "Binti wa ukoo huliliwa ndani ya nyumba ya kaka yake. Hata wewe unalijua hilo, nilikufundisha mimi. Na nyumba ya kaka yake ni ile pale. Lete ufunguo."

Baba mdogo alipapasa mfuko wa koti, akakosa, akapapasa mwingine. Alimpa Bibi ufunguo, Bibi akampa Eliza.

Kufuli lilikuwa na kutu. Eliza alihangaika nalo mpaka jasho likamtoka, akasema kitu kwa Kibemba, watoto wakacheka, likafunguka. Aliingia. Tulimsikia anakohoa kwa vumbi na kufungua madirisha, jambo ambalo halimo kwenye desturi. Kisha akatokeza kichwa akauliza kwa Kiswahili, "Kuni ziko wapi?"

Mama ndiye aliyempelekea. Alitoka jikoni na kuni na kijinga cha moto, akakikanyaga kizingiti bila kumtazama mtu. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu msiba unahitaji moto, na nyumba ile mwenye kujua meko yake ni yeye. Baada ya hapo wanawake wakaingia na mikeka, Bibi akaingizwa akakalishwa karibu na moto, na hapo ndipo nilipomsikia akimlilia mwanawe kwa jina.

Baba sijui nimsemeje. Nimejaribu kuandika na nimefuta. Eliza bado yuko kwetu, mnamwona akija kanisani.

Jioni ile waombolezaji waliobaki walipokwisha kula, mama alitandika mikeka mitatu, ya Bibi, ya Eliza na yake, akafunga mlango kwa komeo la ndani.